Neno Nililomtuma Baridi

Sista aliponifunua bandeji nilikuwa nimeshajiandaa kuona mstari. Nilikuwa nimeufikiria mstari huo muda mrefu, ningeweza kuuchora nimefumba macho: mfupi, mwembamba, umelala upande wa kulia wa tumbo, pale pale palipokuwa na ule mfuko. Nikainua kichwa kutoka kwenye mto, nikachungulia. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na kitobo, na ngozi pembeni yake imekunjamana kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu.

"Sista, hamjamaliza kushona," nilisema.

Alicheka. Alidhani natania. "Imekamilika, dada. Hii ndiyo ile ya duara. Uzi unazungushwa pembeni, unakazwa, katikati panaachwa nafasi uchafu utoke. Nzuri hii, haitungi usaha ovyo."

"Mimi sikuchagua ya duara."

Mkono wake ulisimama hewani na shashi yake. Aliniangalia usoni, akaliangalia jeraha, kisha akaendelea kulisafisha polepole, sasa bila kucheka. "Daktari anapita muda si mrefu," alisema. "Muulize yeye."

Nieleze kidogo, maana najua kuna wanaojiuliza mfuko gani. Mwaka mmoja kabla ya hapo utumbo wangu ulijisokota nikiwa kazini. Wakanipasua, wakakata kipande kilichooza, na ili kiungo kilichobaki kipate kupumzika, wakautoa utumbo nje kidogo, upande wa kulia, haja ikawa inatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Wenyewe hospitali huita stoma. Mimi na mpenzi wangu Baridi tuliuita "Mpangaji", kwa sababu ulikuwa na tabia zote za mpangaji msumbufu: unapiga kelele watu wakinyamaza, unavuja pasipotarajiwa, na hausikii la mtu.

Baridi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, ndipo lilipotoka jina. Kwa moyo, hakuna mtu wa joto kama yeye. Nilipotolewa hospitali mara ya kwanza nilimwambia aende zake, atafute mwanamke mzima. Alinijibu kwamba yeye amezoea vyombo vinavyovuja. Akajifunza kukata tundu la mfuko kwa mkasi mdogo, kuosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, kupapasa kingo mpaka zishike. Nililia kwa aibu siku ya kwanza. Siku ya pili Mpangaji aliguruma mikononi mwake, naye akasema, "Shikamoo," na nikacheka mpaka mshono ukauma. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba nitamfia mwanamume huyu.

Mama yake hakucheka. Nilipokwenda kwake kutambulishwa, kingo za mfuko ziliachia nikiwa nimekaa kwenye kochi lake jeupe. Nilimsikia jikoni akimwambia mwanawe, wala hakupunguza sauti: "Mwanamke anayejisaidia tumboni utamfanya nini?" Naye Baridi akamjibu, "Nitampenda, mama." Mama akasema basi, ampende, lakini tumbo langu lifungwe kwanza. Hawatakwenda kuposa mtu wa viraka.

Ndiyo maana, daktari aliposema sasa utumbo unaweza kurudishwa ndani, shangazi yangu aliyenilea alipiga vigelegele kwenye simu. Yeye na mama yake Baridi wakapanga siku ya posa, wiki chache tu baada ya upasuaji. Na ndiyo maana nilitaka mstari.

Jioni ya kuamkia upasuaji daktari alikaa ukingoni mwa kitanda changu akaniambia utumbo akishaurudisha, lile tundu la kwenye ngozi linaweza kufungwa kwa njia mbili. Moja ni kushona mstari: linafungwa lote, linapendeza mapema, lakini mahali penyewe palikuwa njia ya haja, na uchafu ukijificha chini ya ngozi jeraha linaweza kutunga usaha, likafunguliwa upya. Nyingine ni duara: kitobo kinabaki, usaha unapungua sana, ila kinajaa polepole kutoka chini, na mtu anabadilishwa bandeji wiki kadhaa.

"Na mwishowe kovu lipi ni zuri?" nilimuuliza.

"Mwishowe hayapishani sana. Mimi napendelea duara. Lakini mstari si kosa, na tumbo ni lako. Lala nalo hilo wazo, asubuhi nitapita unipe jibu."

Asubuhi hakupita. Aliitwa kwa mgonjwa wa dharura. Sista akanichoma sindano ya kunituliza, ulimi ukaanza kuwa mzito, na Baridi alikuwa amenishika mkono. Nikamwambia, "Daktari akija pale kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mwambie mstari. Umesikia? Mstari." Akasema, "Nimesikia." Nikalala kwa amani, kwa sababu nilimtuma yeye.

Sasa daktari alikuwa amesimama miguuni pangu, na nilipomuuliza, alivua miwani.

"Nilimkuta mwenzako mlangoni, wewe umeshalala," alisema. "Nikamuuliza umeamua nini. Akasema duara."

"Alisema 'amechagua', au alisema 'mimi nadhani'?"

Alifikiri. "Alisema, 'Amechagua duara.'" Akavaa miwani tena. "Nilipaswa kusubiri nikusikie wewe kabla hujapewa sindano. Nilikuwa na haraka. Hilo ni kosa langu, na nakuomba radhi. Jeraha lenyewe linakwenda vizuri."

Nilimshukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kuniomba radhi kwa jambo hilo, na hakuwa yeye niliyemtaka.

Baridi aliingia saa ya kutazama wagonjwa, chupa ya chai mkononi, shati limepigwa pasi. Akainama mpaka sikioni kwangu. "Umeshajamba?"

Msishangae. Baada ya upasuaji huu wodi nzima huwa inasubiri hilo, ndiyo dalili kwamba utumbo umekubali kazi. Nilikuwa nimeshajamba alfajiri, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kutaka kumwambia, tucheke. Uso wake mzuri ulikuwa karibu na wangu, ndevu hazijanyolewa vizuri kidevuni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nilitamani kuubusu uso ule. Nikamwambia, "Funga pazia."

Akafunga.

"Nilikutuma nini?"

"Lini?"

"Usinifanye mtoto."

Aliweka chupa juu ya kikabati. Akakaa. "Mstari," alisema.

"Na wewe ukasema nini?"

Alitazama mikono yake. Ile mikono ninayoijua, yenye alama za kuungua gesi. "Nilisema duara."

"Kwa nini?"

"Unamkumbuka yule mzee wa koti, kliniki ya mifuko? Aliyekuwa anatupisha foleni?"

"Namkumbuka."

"Yeye alishonwa mstari. Akatoka nao, anajisifu kila mahali. Siku moja wewe uko ndani kwa daktari, mimi nikamkuta pale nje ya chumba cha bandeji amekunja mgongo. Limejaa usaha chini kwa chini, wanakwenda kulifungua lote. Hakuwa na mtu, mke wake alikuwa safarini. Akaniomba niingie nimshike mkono. Yule mzee alilia kama mtoto, mpenzi. Na harufu ile sijaisahau. Nilipofika pale mlangoni, daktari akaniuliza, nikafungua mdomo niseme mstari. Nikamwona yule mzee."

"Na hukuniambia habari zake."

"Ulikuwa na furaha. Ulishaanza kuulizia kitambaa cha gauni."

"Jioni ile daktari alipoondoka ulikaa hapa hapa mpaka ukafukuzwa. Ulikuwa na mdomo."

"Ungekataa."

"Ndiyo, pengine ningekataa. Au pengine ungenieleza kama ulivyonieleza sasa, nikaogopa, nikamwambia daktari mwenyewe, fanya duara. Sasa hatutajua kamwe ningesema nini. Umeninyima hata kulijua hilo."

"Lakini unapona! Sista ameniambia pale nje, jeraha ni safi kabisa."

"Sijakuuliza kama napona!"

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Nikashusha sauti. Tumbo lilikuwa linavuta kila ninapopumua.

"Mimi kazi yangu ni nini?" nilimuuliza.

"Mkalimani."

"Wa wapi?"

"Mahakamani. Jamani, kwani..."

"Nisikilize. Kuna kijana mmoja alisimama kizimbani, jaji akamuuliza swali dogo tu. Yule kijana akajibu neno la kumtia ndani mwenyewe. Nilimwona mama yake amekaa benchi la nyuma. Ningeweza kulilainisha. Hakuna mtu pale aliyejua lugha yake isipokuwa mimi na yule mama. Nililipeleka kama lilivyotoka. Nilirudi nyumbani siku ile sikula, ukaniuliza nina nini, nikakwambia kichwa. Unajua kwa nini nililipeleka?"

Alitikisa kichwa.

"Kwa sababu lilikuwa lake. Mtu akishakukabidhi neno lake, hata kama ni la kipumbavu, ni lake. Hiyo ndiyo kazi niliyoapa kuifanya. Na wewe unaijua kazi hiyo, umenisubiri nje ya mahakama mara ngapi?"

"Mimi sikuapa," alisema taratibu. Halafu akajaribu kutabasamu. "Na mjumbe hauawi, mpenzi."

"Mjumbe hauawi akifikisha alichotumwa."

Tabasamu likamfia usoni. Nilipoliona linakufa niliumia, nikajilaumu, na papo hapo nikakasirika kwamba mimi ndiye ninayejilaumu. Nikasema neno ambalo sikutaka kulisema. "Au ulitaka posa iahirishwe? Sema tu. Kitobo hiki kitakuwa bado wazi siku ile, mama yako atageuza njia, na wewe utakuwa umepona."

Alinyanyuka. Sijawahi kumwona vile. "Mimi? Mimi niliyekuosha mwaka mzima? Niliyelala na mkasi chini ya mto? Unaniambia hivyo mimi?"

"Naomba unisamehe. Hapo nimevuka mpaka."

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa utakufa, basi. Mwaka mzima nimekuwa nikisema kwa niaba yako. Daktari akiuliza umelalaje, najibu mimi. Mwuza dawa akiuliza saizi ya mfuko, najibu mimi. Ndugu zako wakipiga simu, mimi. Mpaka nikasahau kwamba kuna la kuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilikumbuka nilivyokuwa nikijiegemeza kwake kliniki, nimefumba macho, namsikia akijibu maswali yangu yote sawasawa. Nilikuwa nikiona raha. Nilikuwa nikijiambia, hivi ndivyo kupendwa kulivyo.

Nilinyoosha mkono. Alikuwa karibu kuushika. Pazia likafunguliwa.

Mama yake alikuwa hajawahi kukanyaga wodini kwangu. Aliingia na mwavuli wake, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, ananukia manukato, akatuangalia wote wawili, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea maishani. Aliinama akanibusu kwenye paji la uso.

"Pole, mwanangu," alisema.

Mwanangu! Shangazi yangu angelisikia neno hilo angechinja kuku. Nilijikuta machozi yananilengalenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lala, usijinyanyue." Akavuta kiti alichokiacha Baridi. "Mimi sipendi kuficha. Nilikuwa na wasiwasi na wewe. Ulinikalia moyoni tangu siku ile ya kochi. Lakini huyu kanisimulia alivyosimama na daktari pale mlangoni, akaamua. Nikasema, haya, sasa nimeona. Mwanangu amekuwa mume hata kabla ya ndoa."

Nilimgeukia Baridi. Alikuwa amekodoa macho sakafuni.

"Alikusimulia?" niliuliza.

"Jana. Nilikuwa nimeanza kelele za jeraha kuchelewa kupona. Akaniambia, 'Mama, nimeamua mimi, kwa usalama wake.' Nikanyamaza. Mtu akiwa na wa kumwamulia, hata akiumwa hapotei. Basi siku ni ile ile. Tutakuja hata kama una bandeji. Bandeji kitu gani? Itakaa chini ya gauni."

Kila nilichokitaka kwa mwanamke yule alikuwa amenipa kwa pumzi moja. Ningesema "asante, mama", mambo yangeisha hapo. Gauni lingeshonwa. Baridi angenibusu akishasindikiza mama yake, na baada ya mwaka mmoja au miwili tungekuwa tunaisimulia hadithi ya duara kwa wageni, wakicheka. Niliiona picha hiyo yote, na ilinivutia, sitasema uongo.

"Mama," nilisema, "mimi sikuamuliwa. Nilisemewa uongo."

"Na nani?"

Nilimtazama Baridi. Nilimtazama kwa mapenzi yangu yote, na nilikuwa namwomba, kwa macho tu, asinifanye niliseme mimi.

Alichelewa. Kisha alisema, "Na mimi, mama. Alinituma neno moja, nikapeleka jingine. Nikamwambia daktari ni yeye aliyesema."

"Na ukamwokoa!"

"Sijui kama nimemwokoa. Najua nilisema uongo kwa jina lake. Halafu nikaja kwako nikajisifu."

Mama yake alikuwa akizungusha mpini wa mwavuli. "Baba yako aliniamulia mengi," alimwambia hatimaye, ila alikuwa ananitazama mimi. "Nyumba tuliyokaa, shule zenu, hata kizazi nilipotolewa, aliongea na madaktari yeye. Na nimezeeka salama."

"Ulivitaka vyote hivyo, mama?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza," alijibu. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akajikohoza, akajiweka sawa kitambaa. "Haya. Kijana kakosa, kakiri mbele yangu. Mwombe msamaha mwenzako, yaishe, tujue la posa."

"Nisamehe," alisema Baridi. Alikuwa analia bila kujificha, mtu mzima mbele ya mama yake.

"Nimekusamehe," nilisema, na ilikuwa kweli. "Lakini siku ile msije, mama."

"Unamkataa mwanangu?"

"Nampenda mwanao. Sijui kama nitaweza kumpenda hivi mtu mwingine. Lakini nikiolewa sasa, kila atakapotoka chumbani nitakuwa najiuliza huko nje amesema nimesema nini. Shangazi nitampigia mimi mwenyewe. Nikiwa tayari, nitawaambia. Nisipokuwa tayari, nitawaambia pia."

Alisimama. Nilidhani atanitolea maneno ya kochi. Alinitazama kwa muda mrefu, jicho lake kavu, halafu akaninyooshea shuka mabegani kana kwamba nina baridi. "Mkaidi wewe," alisema, na akatoka akigonga mwavuli sakafuni.

Tulibaki wawili. Baridi aliinua chupa ya chai, akaitua tena.

"Bandeji kesho atakubadilisha nani?"

"Sista. Na nitajifunza mwenyewe."

"Nije asubuhi? Nikae tu nje, sitaingia."

Mwili wangu mzima ulisema njoo. Ulisema njoo leo, kaa hapa, usiende kokote. Nikaushika upande wangu wa kulia kwa kiganja, nikasubiri sauti itulie.

"Usije mpaka nikuite," nilisema.

"Na usiponiita?"

"Usije."

Nilingoja abishe. Ningekuwa na furaha kama angebisha. Angesema hapana, mimi nakujua, unanihitaji, nami ningekuwa na sababu ya kumpigia kelele na kumng'ang'ania shati. Aliinamisha kichwa tu. Alichukua kofia yake, akafungua pazia kiasi cha kumpitisha, akalirudisha taratibu, mwanga usije ukanipiga usoni. Nikasikia viatu vyake vikipita kitanda cha pili, cha tatu, mpaka mlangoni, na havikusimama. Alikuwa amefanya nilichosema, sawasawa na nilivyokisema, nami nililia mpaka mama wa kitanda cha pili akauliza kama amwite sista.